Kijana Akipata Kiharusi, Moyo Nao Upimwe

Februari 2005, Tedy Bruschi, nyota wa mpira wa Kimarekani katika timu ya New England Patriots, alipata kiharusi siku chache baada ya kutwaa ubingwa. Alikuwa na miaka 31. Madaktari walipomchunguza moyo walikuta tundu alilozaliwa nalo.

Sote huwa nalo tukiwa tumboni. Mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu, hivyo damu hupita kijilango kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Mtoto akizaliwa, kijilango hujifunga. Kwa takriban mtu mmoja kati ya wanne hakifungi sawasawa, na wengi wao huishi hadi uzeeni bila madhara. Shida huja damu ikiganda kwenye mshipa wa mguu. Kwa kawaida donge hilo hunaswa mapafuni. Likipenya tunduni, hukimbilia ubongo. Tundu hilo kwa kawaida halisikiki kwa kipimo cha masikioni. Huonekana kwa eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, mgonjwa akidungwa maji ya chumvi yenye viputo: viputo vikitokea upande wa kushoto wa moyo, njia ipo.

Bruschi alizibwa tundu, na Oktoba mwaka huohuo akarudi uwanjani. Lakini si kila tundu la kuzibwa. Kwa kuwa ni la kawaida mno, huenda likasingiziwa; tafuteni kwanza sababu nyingine.

Huku Afrika Mashariki mimi huanza kushuku vali ya moyo iliyoharibiwa na homa ya rumatiki. Hitilafu hii si ya kuzaliwa nayo. Huanzia kwenye maambukizi ya koo utotoni, ambayo mzazi huyaona ni mafindofindo tu. Miaka baadaye vali ya kushoto husinyaa, chumba cha juu yake hutanuka, mapigo huvurugika, damu hutuama na kuganda. Wanawake wengi hugundulika wakiwa wajawazito, pumzi inapowaishia. Kwa wagonjwa wa vali za rumatiki wenye mapigo yaliyovurugika, utafiti wa 2022 ulionyesha kuwa warfarin, dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, inawafaa kuliko rivaroxaban iliyo mpya. Ina usumbufu wa kupima damu mara kwa mara, lakini mgonjwa asiiache kwa sababu anajisikia nafuu.

Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, kurogwa kusijadiliwe. Na kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, muulizeni daktari: moyo umepimwa eko?