Kikokotoo Kipi Kimfae Mwanafunzi wa Akheri?

Akheri iko katika miteremko ya Mlima Meru, juu kidogo ya Tengeru na barabara kuu itokayo Moshi kwenda Arusha. Kijana wa huko aliyechaguliwa kuingia kidato cha tano kusoma fizikia na hisabati hukabiliwa mapema na swali ambalo halimo katika vitabu vyake: anunue kikokotoo cha aina gani? Fedha ya kifaa hicho mara nyingi hutokana na kahawa au ndizi za wazazi, wala si rahisi ipatikane mara ya pili iwapo ya kwanza imetumika vibaya.

Jibu huanzia katika mlango wa chumba cha mtihani. Katika karatasi za Hisabati ya Juu za kidato cha sita, Baraza la Mitihani la Tanzania huruhusu majedwali ya hesabu yatolewayo na Baraza lenyewe, pamoja na vikokotoo visivyoweza kupangiwa programu. Vikokotoo vya kuchora grafu, karibu vyote, huweza kupangiwa programu; kwa hiyo havipiti. Katika Hisabati ya kidato cha nne sheria imekuwa kali zaidi kwa miaka mingi: majedwali ndiyo, kikokotoo cha aina yoyote la. Lakini shule ya UWC East Africa, yenye kampasi Moshi na Arusha, hufundisha Diploma ya Kimataifa ya Baccalaureate, ambayo katika hisabati humlazimu mwanafunzi awe na kikokotoo cha grafu. Hivyo vijana wawili waishio chini ya mlima mmoja hutakiwa kuwa na vifaa viwili tofauti kwa hesabu zilezile.

Katazo hilo lina sababu. Kifaa kinachohifadhi programu huhifadhi pia maandishi, na msimamizi wa mtihani hawezi kukagua kumbukumbu ya kila kifaa chumbani. Hata hivyo yafaa mwanafunzi avijue vikokotoo vya grafu, kwa kuwa atavikuta mbele ya safari, na kwa kuwa kasoro zake ni zilezile za kikokotoo kidogo kilichomo mfukoni mwake.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1972 kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani ilitoa HP-35, kikokotoo cha kwanza cha mkononi chenye uwezo wa kisayansi, kwa dola 395. Katika miaka michache kifaa cha namna hiyo kilikuwa kimeiondoa mezani rula ya kukokotolea ambayo wahandisi waliitegemea kwa vizazi. Mwaka 1985 Casio ya Japani ilileta fx-7000G, ya kwanza kuchora grafu katika kioo chake. Mwaka 1990 Texas Instruments ikafuata na TI-81, iliyozaa ukoo wa TI-83 na TI-84 uliotawala shule za Marekani. Mshindani mgeni ni NumWorks wa Ufaransa, aliyeingia sokoni mwaka 2017.

Mtu anayetazama grafu ikichorwa katika kioo aweza kudhani kwamba mashine inaijua mistari yote ya dunia. Ukweli ni mnyenyekevu zaidi. Sehemu ya kuchorea katika TI-84 Plus ina safu wima 95 za nukta. Mashine huchukua thamani moja ya x kwa kila safu, hukokotoa y, huweka nukta, kisha huunganisha nukta hizo. Ni kazi ileile anayoifanya mwanafunzi kwa penseli katika karatasi ya grafu, ila kwa haraka zaidi na bila kufuta.

Hapo ndipo mtego ulipo. Tuseme kikokotoo kimewekwa katika nyuzi, na x inaanzia −188 hadi 188. Safu 95 zina nafasi 94 baina yake. Kila nafasi ni nyuzi 4. Sasa kiamriwe kuchora y = sin x, halafu y = sin 91x. Mstari wa pili una mawimbi tisini na moja mahali ambapo wa kwanza una wimbi moja. Mtu angetazamia kioo kijae wino. La hasha. Mistari miwili hulaliana kabisa. Kwa kila hatua ya nyuzi 4, pembe ya 91x huongezeka kwa nyuzi 364, yaani mzunguko mzima na nyuzi 4 juu yake, na mzunguko mzima haubadili thamani ya sin. Nukta zote 95 ni sahihi, na picha ni ya uongo.

Casio yenye safu 127 hunaswa vilevile ikipewa x kuanzia −252 hadi 252. Na mwenye penseli asicheke. Mwanafunzi anayechora y = sin 13x kwa kuchukua x kila baada ya nyuzi 30 atapata mstari wa sin x bila kosa hata moja la hesabu, maana mara 13 kwa 30 ni 390, nayo ni 360 na 30. Anayejua hili hupunguza hatua na kuchora upya kabla ya kuamini mstari wowote. Asiyejua hana msaada katika kifaa cha bei yoyote.

Tofauti ya kweli baina ya washindani hawa haionekani katika tangazo. Imo katika namna wanavyosoma kile kinachoandikwa. Mfano uko katika maabara: idadi ya mizunguko ya penduli kwa sekunde ni 1/2π ikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha g/l. Penduli ya urefu wa mita 0.5, g ikiwa 9.8, hutoa 0.705. Mwanafunzi mwenye haraka huandika 1÷2π√(9.8÷0.5), bila mabano mengine. TI-84 huichukulia alama ya kuzidisha iliyoachwa kama iliyoandikwa; hugawa 1 kwa 2 kwanza, kisha huzidisha vyote vilivyobaki, na kutoa 6.95. Baadhi ya Casio za kisayansi huona kwamba vitu vilivyoandikwa bega kwa bega ni kitu kimoja, huvizidisha kwanza, ndipo zikagawa: 0.036. Majibu mawili, yote mabaya, na hakuna mashine iliyovunja sheria yake. Walioandika fomula ile katika kitabu walitumia mstari mrefu wa mgawanyo. Kibonye cha kugawa hakina mstari huo, na mabano ndiyo yanayoshika nafasi yake. Hata ndani ya ukoo mmoja sheria imepata kubadilika, kwani TI-82 haikusoma kama TI-83 iliyokuja baada yake.

Wapenzi wa HP kama HP-48 hupona tatizo hili kwa njia yao. Huingiza namba kwanza na kitendo baadaye, hivyo mabano hayahitajiki kamwe. Ni utaratibu mzuri kwa mhandisi aliyeuzoea, lakini kijana mwenye miaka miwili tu mbele ya mtihani ana mambo mengine ya kujifunza.

Kuhusu kutafuta mahali grafu inapokata mhimili wa x, Casio hufika moja kwa moja kwa kibonye kimoja au viwili. TI huuliza kwanza: mpaka wa kushoto ni upi, wa kulia ni upi, unakisia wapi? Wengi huuona usumbufu huo kuwa dosari. Kwa mwanafunzi ni faida, maana humkumbusha kwamba jibu limo kati ya pande mbili ambazo alama ya y hubadilika. Kwa fundi aliyekwisha kulijua hilo, Casio ni afadhali.

Iko pia simu. GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 alipokuwa mwanafunzi wa Salzburg, huchora grafu bila malipo, na ikishawekwa katika simu hufanya kazi bila intaneti. Kwa kujifunzia nyumbani hakuna kikokotoo cha grafu kinachostahili kununuliwa mbele yake. Lakini simu hairuhusiwi darasani, seuze chumba cha mtihani.

Kwa mwanafunzi wa Akheri, basi, kinachobaki ni kikokotoo cha kisayansi kisicho na programu, karatasi ya grafu na penseli iliyochongwa. Kilicho bora katika daraja hilo ni kile chenye uwezo wa kutengeneza jedwali, kama fx-991ES: hupewa mlinganyo, mwanzo, mwisho na hatua, nacho hutoa thamani hadi mistari 30. Mkono ndio unaochora. Mlinganyo wa sin 13x ukipewa hatua ya nyuzi 5, kuanzia 0 hadi 90, mistari 19 yatosha kuufichua mtego ulioelezwa juu. Kifaa hicho hutumia pia mwanga wa jua au wa taa, jambo la maana kwa anayesoma mbali na duka la betri.

Madukani mjini Arusha, kama kwingineko, huweza kuwapo vikokotoo vya sura na namba zinazofanana sana na za makampuni makubwa. Mnunuzi akijaribu mambo mawili mezani, kabla ya kulipa, hatapoteza hata dakika moja. Aandike sin 30: jibu liwe 0.5. Likija −0.988 kifaa kiko katika radiani, likija 0.454 kiko katika gredi, na muuzaji aonyeshe namna ya kukirudisha katika nyuzi. Kisha aandike 1÷2π. Likitoka 0.159, kifaa husoma kama Casio zilizoelezwa, likitoka 1.571, husoma kama TI-84. Jibu hilo aliandike kwa kalamu nyuma ya kifuniko.