Bullet ya Silinda ya Chuma: Kuimiliki, Kuitunza na Kuibadili

Royal Enfield Bullet ni pikipiki ya silinda moja iliyoanza kuuzwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikahamia India katikati ya miaka ya 1950, na hadi leo jina lake bado linatoka kiwandani mjini Chennai. Majina ya pikipiki yaliyodumu muda huo wote ni ya kuhesabu. Lakini wapenzi wa pikipiki za zamani wanaposema Bullet, wengi humaanisha ile ya India yenye silinda ya chuma cha kusubu, ya cc 346, iliyotengenezwa bila mabadiliko makubwa hadi ilipostaafishwa takribani mwaka 2010. Hiyo ndiyo inayofufuliwa kwenye magereji, inayokatwa na kuchomelewa upya, na inayogombewa na watoto wa marehemu.

Chimbuko lake ni Redditch, mji wa Uingereza uliokuwa ukijulikana kwa viwanda vya sindano. Kampuni ilipata jina la Enfield baada ya kupewa kazi ya kutengeneza vipuri vya bunduki vya kiwanda cha silaha cha serikali kilichokuwa mahali paitwapo Enfield, na ikajitangaza kwamba bidhaa zake zimeundwa kama bunduki. Pikipiki yake ya kwanza ilitoka mwaka 1901. Bullet iliyokuja kupendwa na Wahindi ni ile ya 1949, iliyokuwa na shokapu za nyuma wakati ambapo pikipiki nyingi za Uingereza zilikuwa bado na fremu ngumu isiyonesa. Jeshi la India lilikuwa likitafuta chombo cha kufanyia doria mipakani, likaagiza pikipiki 800 za Bullet. Mwaka 1955 kampuni ya Madras Motors ikaungana na Waingereza kuanzisha Enfield India mjini Madras, ambao sasa ni Chennai. Mwanzo walikuwa wakiunganisha vipuri vilivyoletwa kwa meli, kisha wakanunua mitambo na kutengeneza kila kitu wenyewe.

Kiwanda cha Redditch kilifungwa mwaka 1967, na mwaka 1970 kampuni ya Uingereza ikafa kabisa. Madras hawakushtuka. India ya miaka hiyo ilikuwa imebana mno uagizaji wa bidhaa kutoka nje, hivyo Bullet haikuwa na mshindani wa kweli wa ukubwa wake, na asiye na mshindani hana haraka ya kubadilika. Matokeo yake, mwaka 1977 Enfield India ilipoanza kuuza Ulaya, Waingereza walijikuta wakinunua mpya kabisa pikipiki ya ujana wa baba zao.

Tabia ya pikipiki hii inatokana na vipimo viwili. Silinda ina kipenyo cha milimita 70, na pistoni husafiri milimita 90 kutoka juu hadi chini. Safari ndefu namna hiyo, pamoja na flaiwili nzito ndani ya injini, huifanya izunguke polepole na kuvuta kwa nguvu hata mwendo ukiwa mdogo. Nguvu farasi zake ni kama 18 tu, na uzito wake unazidi kilo 160, kwa hiyo asitarajiwe mtu kupaa nayo. Mwendo unaoipendeza ni kilomita 70 hadi 80 kwa saa. Hapo injini hudunda kwa milio inayoweza kuhesabika, na mlio huo ndio uliouza Bullet kuliko tangazo lolote. Huko Punjab na Haryana wauza maziwa waliitumia miaka mingi kubeba madumu ubavuni, polisi wakaitumia, na polepole ikawa alama ya mwanamume mwenye shamba na mwenye heshima yake.

Heshima hiyo imevuka mipaka ya kawaida. Kando ya barabara ya Pali kwenda Jodhpur, katika jimbo la Rajasthan, kuna hekalu ambalo ndani yake imewekwa Bullet 350 ya kijana aliyekufa kwa ajali hapo mwaka 1988. Inasimuliwa kwamba polisi waliichukua pikipiki hiyo kituoni, nayo ikarudi yenyewe mahali pa ajali zaidi ya mara moja. Madereva husimama hapo kuomba usalama wa safari. Amini usiamini, pikipiki ipo, na mashada ya maua huvishwa kila siku.

Anayenunua Bullet ya chuma kwa mara ya kwanza hupata mshangao kabla ya kutoka uani. Gia ziko mguu wa kulia na breki ya nyuma iko mguu wa kushoto, kinyume cha pikipiki zote za sasa. Gia ya kwanza hupandishwa juu, zilizobaki hushushwa chini. Dereva aliyezoea Boxer au TVS, akishtushwa na mbuzi barabarani, atakanyaga gia akidhani ni breki. Kwa sababu hiyo siku za mwanzo ziwe za uwanjani, wala si za barabara kuu. Juu ya kanyagio la gia kuna kiwenzo kidogo cha pili: ukikikanyaga ukiwa kwenye gia yoyote isipokuwa ya kwanza, huirudisha pikipiki kwenye fri moja kwa moja. Watengenezaji wengi wangefaa kuiga jambo hilo, na hawakuiga. Matoleo ya miaka ya mwisho yalipata gia tano na kanyagio la kushoto, jambo linalowafaa wageni na kuwaudhi wakongwe.

Kuiwasha ni somo la pekee, na wengi hukata tamaa hapo. Kwenye kichwa cha taa kuna amita, saa ndogo inayoonyesha umeme ukiingia na kutoka kwenye betri. Swichi ikifunguliwa, kiki husukumwa taratibu kwa mguu hadi ikatae. Hapo pistoni imefika karibu na juu ikiwa imegandamiza hewa. Mshale wa amita huwa umeegemea upande wa kutoka, na pointi zikiachana hurudi katikati. Ndipo dereva anavuta wenzo wa kupunguza mgandamizo, anasukuma kiki kidogo tu ili pistoni ipite kilele, anaachia wenzo, anairudisha kiki juu kabisa na kuipiga kwa uzito wa mwili wote, bila kuvuta mafuta. Ikiwa imerekebishwa vizuri, hunguruma kwa pigo la kwanza au la pili. Anayeipiga kiki kwa hasira bila kutafuta kilele anaweza kurushiwa mguu nyuma, na vifundo vya miguu vilivyoumia kwa namna hiyo ni vingi. Nguvu za misuli hazihusiki sana: mzee mwembamba anayeijua huiwasha wakati kijana wa mazoezi anatoka jasho.

Matunzo yake ni rahisi lakini hayana likizo. Mtikisiko wa silinda moja kubwa hulegeza nati, kwa hiyo mwenye Bullet huzipitia kwa spana kila baada ya safari ndefu. Valvu husukumwa na fimbo mbili ndefu, na sehemu ya kuzirekebishia iko chini, ubavuni mwa silinda, nyuma ya kifuniko kidogo. Injini ikiwa baridi, fimbo inatakiwa izunguke kwa vidole bila kucheza juu na chini. Kazi hiyo huhitaji spana mbili na utulivu. Pointi husafishwa na kupimwa nafasi yake, oili hubadilishwa mapema kuliko kwenye pikipiki za kisasa, na klachi hukazwa waya. Oili itavuja kidogo. Wapo wanaoapa kwamba yao haivuji, na pengine imekwisha oili.

Penye udhaifu wa kweli ni ndani. Bullet za zamani zina bushi inayoelea mahali fimbo ya pistoni inapokutana na kranki, badala ya beringi ya roli. Bushi hiyo huvumilia kazi nzito ya polepole miaka mingi, lakini ikikimbizwa kwa kasi kubwa kwenye barabara kuu huchakaa na kuanza kugonga. Pampu ya oili ya zamani nayo husukuma kidogo. Breki za ngoma zinatosha kwa barabara za 1955, ambazo hazikuwa na malori ya leo. Kwa hiyo mnunuzi asikilize kama sehemu ya chini ya injini inagonga kabla ya kuangalia rangi, aangalie kama moshi una ubuluu, achunguze fremu kwa nyufa, na alinganishe namba ya injini na ya fremu na zile za kwenye kadi. Bullet nyingi zilipita jeshini, zikauzwa kwa mnada na kuunganishwa upya kwa vipande vya pikipiki tatu au nne. Hilo si kosa, mradi makaratasi yaseme ukweli na bei ifanane na ukweli huo.

Faida yake kubwa ni spea. Kwa kuwa pikipiki ile ile ilitengenezwa zaidi ya nusu karne, vipuri hupatikana kwa wingi: mtaa wa Karol Bagh mjini Delhi una maduka yanayouza Bullet nzima kwa vipande, na huko Uingereza kampuni ya Hitchcocks Motorcycles imejijenga kwa kuuza spea zake. Upungufu uko kwenye ubora, kwani si kila spea iliyofungwa kwenye boksi jekundu imetoka kiwandani.

Spea nyingi na fremu rahisi kueleweka ndivyo vilivyoifanya Bullet ipendwe na wabadilishaji. Mabadiliko yenye maana zaidi hayaonekani: beringi ya roli badala ya bushi, pampu kubwa ya oili, mfumo wa umeme wa kuwasha usiotumia pointi, na breki ya mbele ya diski. Pikipiki iliyofanyiwa hayo manne hubaki na sura yake na kupata maisha mapya. Kwa bahati mbaya hayapigwi picha, na wengi huanzia kwenye tangi.

Mtindo wa kafe resa ulizaliwa London miaka ya 1950 na 1960, vijana walipokuwa wakishusha hendeli, kuondoa madigadi nzito na kukimbizana karibu na mkahawa wa Ace. Royal Enfield wenyewe waliuiga mwaka 1964 kwa Continental GT ya cc 250. Mtindo wa boba hukata madigadi ya nyuma na kubakiza siti moja ya chini. Punjab wana mtindo wao: kromu nyingi, tairi nene, taa za kila rangi na ekzosi ndefu. Ukiacha ladha, kila mtindo una gharama yake. Hendeli ya chini huumiza viganja baada ya saa moja, na fremu iliyokatwa mahali pasipostahili hupinda kwenye shimo la kwanza. Kazi ya kuchomelea fremu apewe fundi anayejua uzito unapopita, si yule mwenye bei ndogo.

Ekzosi ndiyo hubadilishwa kwanza na ndiyo huleta ugomvi. Bomba wazi huongeza kelele kuliko nguvu, na hubadili uwiano wa hewa na mafuta, hivyo kabureta hulazimika kupewa jeti kubwa zaidi. Plagi hutoa ushahidi: ikiwa na rangi ya kahawia, mchanganyiko ni sawa, ikiwa nyeupe, injini inachemka kwa uchache wa mafuta, ikiwa nyeusi ya masizi, mafuta yamezidi. Kuna pia vijana wanaozima na kuwasha swichi wakiwa mwendoni ili ekzosi ilipuke kama fataki. Polisi wa miji mbalimbali ya India wamechoka nao kiasi cha kutandaza ekzosi walizokamata barabarani na kuzisaga kwa gari la kushindilia lami. Sheria ya Magari ya India ya 1988, kifungu cha 52, hairuhusu kubadili chombo kiasi cha kupingana na maelezo ya kiwanda, na Mahakama ya Juu ilikazia hilo mwaka 2019. Kupaka rangi upya kunaruhusiwa kwa kusajili, kubadili fremu ni habari nyingine.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Bullet ya cc 500 huweza kuwekewa pistoni ya milimita 87 na kufika cc 535. Mswisi Fritz Egli, bingwa wa fremu za pikipiki, aliuza Bullet alizoziongezea nguvu. Wajerumani wa Sommer walifunga humo injini ya dizeli ya Hatz, na Enfield India wenyewe waliwahi kuuza Bullet ya dizeli iliyopendwa kwa ubahili wa mafuta na kuchukiwa kwa uzito wa mwendo.

Kwa mmiliki wa kawaida, uamuzi wa busara ni kuimarisha ya ndani, kubadili nje kwa vitu vinavyofungwa kwa nati bila kukata fremu, na kuhifadhi kila kipande cha asili kilichotolewa, kwa sababu Bullet yenye vipande vyake halisi hupata bei nzuri zaidi inapouzwa. Injini iachwe kwenye kilomita 80 kwa saa. Anayetaka kukimbia zaidi ya hapo anunue pikipiki nyingine.