Matrekta ya Zamani na Mvua Isiyongoja

Ndugu wakulima, kila mwaka masika yanapokaribia, mazungumzo ya vibarazani huku Malindi na Kilifi huwa ni ya trekta. Nani analo, litafika lini, na je, litamaliza shamba kabla ya kulala? Wazee nao hawakosi kusema kwamba matrekta ya zamani yalikuwa madhubuti, si kama haya ya sasa. Mimi karani wa kilimo huyasikia maneno hayo karibu kila siku dirishani pangu. Basi na tuyapime pamoja, maana mkulima aliyekodi trekta bovu hapotezi fedha tu, hupoteza na mvua.

Wazee wana haki kwa sehemu kubwa. Fordson Major na Massey Ferguson 35 yalikuwa matrekta mepesi kueleweka. Hayakuwa na kompyuta wala waya nyingi. Fundi mwenye spana zake aliweza kuifungua injini chini ya mwembe, akasafisha nozeli na chujio la dizeli, na alasiri trekta likarudi kazini. Lakini kumbukumbu nayo huchagua. Lile lililokufa mapema na kuota nyasi nyuma ya ghala halina wa kulisifu. Tunalolikumbuka ni lile lililodumu.

Katika nchi zenye mashamba mapana sana, sifa kama hizo hupewa matrekta makubwa yanayojikunja katikati. Ajabu yake ni hii: magurudumu yote manne ni sawa kwa ukubwa, na yote husukuma. Dereva akizungusha usukani, magurudumu ya mbele hayageuki peke yake, bali mwili mzima hupinda kiunoni kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki, na magurudumu ya nyuma hufuata njia ile ile ya mbele. Ndugu wa ukoo wa Steiger huko Minnesota, Marekani, walijitengenezea la kwanza ghalani kwao mwishoni mwa miaka ya 1950. Kampuni ya Versatile ya Winnipeg, Kanada, ikaanza kuyauza kwa wingi mwaka 1966. Uingereza nako mkulima mmoja wa Essex aliunganisha Fordson mbili, moja nyuma ya nyingine, zikawa trekta moja lenye injini mbili! Kwa kupinda katikati, trekta hilo liligeuka vizuri.

Ugonjwa wa matrekta hayo u pale kiunoni. Pini na beringi za maungio zisipotiwa grisi hulika, kisha trekta huanza kuyumba kama mlevi, na paipu za haidroliki hupasuka. Mwenye kulitunza hulitumia miaka mingi.

Lakini uimara wa chuma si jambo lote. Wakumbukeni jirani zetu wa Tanganyika. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, wakitaka kulima zaidi ya ekari milioni 3. Walileta matrekta yaliyokwisha kutumika vitani, na mengine yaliyoundwa kutokana na vifaru vya Sherman, yakaitwa Shervick. Udongo wa Kongwa ukikauka ulikuwa mgumu kama saruji, ukazila plau. Vipuri vilikuwa mbali na mafundi wachache, na kabla ya mwaka kwisha mashine nyingi zilikuwa zimelala. Mwaka 1951 mradi ukaachwa.

Na ninyi wa Magarini hamna haja ya kwenda Kongwa. Mradi wa makao ulioanzwa mwaka 1978 kwa msaada wa Australia ulifyeka msitu kwa mashine nzito. Mashine zilifanya kazi yake, lakini ardhi iliyoachwa wazi ilichukuliwa na mvua, maji ya kunywa yakawa taabu, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Australia ikajiondoa. Nionavyo mimi, hapo trekta halikushindwa. Lilipewa kazi isiyolifaa.

Sasa tazama shamba lako la ekari 12, lenye minazi, mikorosho na visiki. Trekta la kujikunja litageukia wapi? Linalokufaa ni la kadiri ya nguvu za farasi 60 au 70, lenye plau ya sahani tatu. Hilo hulima karibu ekari moja kwa saa, kwa hiyo siku mbili zatosha ikiwa halikulala.

Kikundi kimoja ninachokijua kilinunua trekta kuukuu kwa sababu rangi ilikuwa mpya. Mvua ilipoanza, gia ya pili ikakataa, na mahindi yakapandwa wiki tatu nyuma. Kwa hiyo mkienda kutazama trekta la kununua, nendeni asubuhi, injini ikiwa baridi bado, mkaliwashe wenyewe. Tazameni moshi: mweusi kidogo kisha ukatoweka si neno, lakini wa buluu usiokoma maana yake linakula oili. Chomoeni kijiti cha oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ulizeni vipuri vyake vinauzwa wapi, Malindi, Mombasa au Nairobi, tena mnunue mapema mkanda wa feni na machujio mawili, myaweke.