Nyoka Njiti: Kwa Nini Watoto wa Moma Hufia Ndooni

Kwetu Pwani nyoka akitajwa, mtu kwanza hutafuta fimbo. Kwa hivyo najua baadhi yenu mtashangaa kuona safu hii leo ikizungumzia afya ya watoto wa nyoka, tena wa kufugwa. Nivumilieni kidogo. Naandika kutoka Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, ambako nimekuja kutafuta riziki katika mashamba ya maua. Sehemu hizi kuna nyoka asiyepatikana nchi nyingine yoyote ila Kenya, na hata Kenya yenyewe ni katika Bonde la Ufa la kati na nyanda zinazolizunguka.

Ni jamaa wa moma wetu (wengine humwita bafe, na Watanzania husema kifutu), lakini huyu ni mdogo, mara nyingi hafiki nusu mita, na ana pembe mbili juu ya macho. Wataalamu walimpa jina la Worthington, mtafiti Mwingereza aliyekuja kuchunguza maziwa ya Afrika Mashariki, na maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1932. Kwa ajili ya zile pembe, wafugaji wa nyoka wa ng'ambo humtamani sana. Tamaa hiyo ndiyo inayowafanya vijana wetu kupindua mawe.

Kijana mmoja wa ploti ninayokaa alimkamata jike akamtia kwenye ndoo ya rangi, chumbani mwake mwa mabati, akingojea mnunuzi. Mnunuzi hakuja. Siku kadhaa baadaye nyoka akazaa, na watoto wengi walikuwa wamekufa ndani ya utando. Wawili waliotoka walikuwa na kitu cha manjano kikining'inia tumboni. Majirani walisema ni laana. Mimi nilienda kuuliza wanaojua, na maelezo niliyopata hayana uchawi wowote.

Chatu, swila na koboko hutaga mayai. Moma huzaa: watoto hukulia tumboni mwa mama, na kila mmoja hutoka amefungwa kwenye utando mwembamba ambao yeye mwenyewe lazima aupasue ili avute pumzi. Muda wote huo mtoto hulishwa na kiini, kile kile cha manjano tunachokijua katika yai la kuku. Siku za mwisho kabla ya kuzaliwa, kiini kilichobaki huvutwa ndani ya tumbo kupitia kitovuni, kikawa akiba ya kuanzia maisha, maana mtoto huyu halishwi na mama.

Njiti hutoka kabla kazi hiyo haijakwisha. Kiini kipo nje, kitovu ki wazi, na vijidudu hupita hapo moja kwa moja kuingia mwilini. Mwili hukauka upesi. Wengine hawana nguvu hata ya kupasua utando, wakafa kwa kukosa hewa. Wengine uti wa mgongo umepinda. Aliyenusurika mara nyingi hukataa kula, au hushindwa kujivua gamba la kwanza.

Sababu kubwa ni joto na taharuki. Nyoka hajitengenezei joto kama sisi, hulitafuta juani na kulikimbia kivulini. Jike mwenye mimba hufanya hivyo kwa uangalifu zaidi, kwa sababu ukuaji wa watoto hufuata joto la mwili wake. Likizidi, watoto huharakishwa na kuharibika. Likipungua, hudumaa au hufa. Sasa mtie ndooni. Mchana chumba cha mabati ni tanuri, usiku baridi ya Naivasha, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, hupenya mpaka mifupani. Hana jiwe la kujificha wala jua la kuota, na kila baada ya saa mtu anafunua kifuniko kumwonyesha rafiki yake. Mimba gani itastahimili hayo?

Wafugaji wa nyoka wanaotaga nao wana kosa la namna hiyo. Kwa kukosa subira hupasua yai wakamvuta mtoto nje, na kiini kikamfuata. Yai likishapasuka, mtoto aachwe humo humo mpaka atoke mwenyewe.

Kwa aliye na kibali na amepata njiti, daktari wa mifugo anayejua nyoka ndiye wa kwanza kuitwa. Akisubiriwa, mtoto awekwe peke yake kwenye chombo safi chenye karatasi yenye unyevu, pahali pa joto la wastani. Kiini kisikatwe wala kuvutwa. Asilazimishwe kula. Na maziwa, tafadhali, hapana: nyoka si mnyama wa kunyonya. Tena mkumbuke kwamba mtoto wa moma huzaliwa na meno na sumu yake kamili, hata akiwa njiti asiyeweza kuinua kichwa. Kwa huyu mwenye pembe, hakuna dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa sumu yake.

Nimesema kibali kwa sababu Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kuokota nyoka porini akamfuga au akamuuza bila idhini ya KWS. Juu ya hayo, mwaka 2016, katika mkutano wa mkataba wa CITES mjini Johannesburg, Kenya iliomba biashara ya nyoka huyu idhibitiwe kimataifa, na ikakubaliwa. Kwa kawaida huzaa watoto 7 hadi 12, mvua za Machi na Aprili zinapoanza. Ukimchukua jike mmoja wakati huo, umechukua kizazi kizima, na huenda kisifike salama hata kwa huyo mnunuzi.

Yule mama wa ndooni alifikishwa kwa askari wa wanyamapori akiwa hai, watoto wote wameshakufa. Kwa mlioko Watamu na Malindi, mkimwona moma uani msihangaike na ndoo wala fimbo. Bio-Ken, shamba la nyoka lililoanzishwa Watamu mwaka 1980 na James Ashe na mkewe Sanda, lina watu wanaokuja kumwondoa.