Mgao wa kaunti humfikia mkulima mvua ikiwa imepita

KATIKA mwaka wa kifedha wa 2021/22, Kaunti ya Turkana ilitengewa Sh12.6 bilioni kama mgao wake wa mapato ya kitaifa. Kiambu ilitengewa Sh11.7 bilioni. Ukizitazama hivyo, kaunti hizo mbili ni kama mapacha.

Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 Turkana na 2,417,735 Kiambu. Fedha hizo zikigawanywa kwa vichwa, kila mkazi wa Turkana anaangukiwa na takriban Sh13,600, naye wa Kiambu Sh4,850. Lamu, yenye watu 143,920 pekee, ilipata Sh3.1 bilioni, ambazo ni kama Sh21,500 kwa kila mtu.

Mkulima wa mboga wa Limuru akizisikia hesabu hizi huona ameonewa. Hulipa ushuru dukani na kwenye petroli kama Wakenya wengine, barabara ya kutoa kabeji shambani haipitiki mvua ikinyesha, na bado anaambiwa mgao ni wa haki.

Sasa kipimo kibadilishwe. Kiambu ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 2,500. Mgao ule ukitandazwa juu ya ardhi yake, kila kilomita mraba inapata Sh4.6 milioni. Turkana ina karibu kilomita mraba 70,000, na kila moja inapata kama Sh180,000. Afisa wa mifugo anayetoka Lodwar kwenda kuchanja mbuzi dhidi ya sotoka kule Kibish anahitaji gari, dizeli, sanduku la kuhifadhia chanjo ikiwa baridi, na marupurupu ya kulala njiani. Huko Limuru, mwenzake anaweza kuzuru maboma kadhaa kwa pikipiki kabla ya chakula cha mchana. Mfugaji wa Lokichar naye akiwekewa hesabu hii mbele yake, ataona yeye ndiye aliyeonewa.

Wote wawili wana hoja. Ubishi kuhusu ugatuzi nchini Kenya umekuwa ukizunguka hapo tangu kaunti 47 zianze kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013: je, fedha zifuate watu au zifuate ardhi na mahitaji? Swali hilo ni muhimu. Hata hivyo, limemeza jingine ambalo kwa mkulima huenda ni zito zaidi, nalo ni fedha hizo hufika lini na huingia wapi zikishafika.

MIZIZI YA 1965

Kilio cha kaskazini hakikuzuka jana. Waraka Nambari 10 wa 1965, uliotoa mwongozo wa mipango ya taifa jipya, ulishauri kuwa fedha za maendeleo ziwekezwe mahali zitakapoleta ongezeko kubwa zaidi la uzalishaji, yaani penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, usafiri na umeme.

Kwa hesabu za uchumi pekee, ushauri huo haukuwa wa ajabu. Tatizo ni kwamba reli na barabara hazikuwa zimeota zenyewe katika maeneo hayo. Zilipelekwa huko na serikali ya kikoloni kwa faida ya mashamba ya walowezi. Mwenye nacho akaongezewa, na jamii za wafugaji zikabaki na vizuizi vya polisi na msaada wa chakula.

Serikali zilizofuata zilijaribu kurekebisha. Sheria ya 1998 ilizipa serikali za mitaa asilimia 5 ya kodi ya mapato. Mwaka 2003 ikaja hazina ya maeneobunge, maarufu kama CDF, iliyopewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Robo tatu ya fedha hizo ziligawanywa sawa kwa maeneobunge yote na robo iliyobaki ikafuata umaskini. Madarasa na zahanati zilijengwa, lakini maafisa wa kilimo na mifugo wa nyanjani walibaki chini ya wizara Nairobi.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyohamisha kilimo. Jedwali lake la Nne linazipa kaunti jukumu la ukuzaji wa mimea na ufugaji, na Kifungu cha 203 kinataka zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato yote ya kitaifa. Asilimia hiyo hupimwa kwa hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa, nazo huwa za miaka ya nyuma. Ni kama chama cha ushirika kinachowalipa wanachama bonasi ya leo kwa kutazama maziwa ya miaka mitatu iliyopita. Mauzo yakiwa yamekua, asilimia inayotangazwa huonekana nene kuliko kilichomo mkobani.

FOMULA NNE

Fomula ya kwanza ya kugawa fedha kati ya kaunti iliweka asilimia 45 kwa wingi wa watu, 25 kwa mgao sawa, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa ardhi na 2 kwa uwajibikaji wa kifedha. Hata hiyo 8 ya ardhi ilikuwa na kikomo, kwani hakuna kaunti iliyoruhusiwa kuhesabiwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Turkana na Marsabit, ambazo kila moja ina zaidi ya sehemu ya kumi ya ardhi ya Kenya, zilikatwa hapo.

Vita vikubwa vilikuwa vya fomula ya tatu mwaka 2020. Maseneta walivutana kwa majuma mengi, wale wa kaunti zenye watu wengi upande mmoja na wa kaunti kame upande wa pili, hadi Septemba 17, 2020 walipokubaliana. Suluhisho lilikuwa kuongeza keki kwanza. Mgao wa jumla ungepanda kutoka Sh316.5 bilioni hadi Sh370 bilioni kabla ya fomula mpya kuanza, ili kaunti yoyote isipoteze ilichokuwa nacho.

Katika fomula hiyo kilimo kilitajwa kwa jina kwa mara ya kwanza. Kilipewa asilimia 10, kikipimwa kwa wingi wa kaya za mashambani. Wakulima wengi walioisikia habari hiyo walidhani kuwa asilimia 10 ya fedha ingeingia katika kilimo. Sivyo ilivyokuwa. Mgao wa kaunti hauna masharti. Kaunti yenye wakulima wengi ilipata fedha zaidi kwa sababu yao, kisha ikawa huru kuzitumia kwa mishahara, magari au lango jipya la afisi.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, na kanuni za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Kaunti nyingi zimevuka kiwango hicho cha mishahara. Hakuna sheria inayoitaja mbegu.

Katika fomula ya nne, iliyoanza kutumika mwaka wa kifedha wa 2025/26 kwa mgao wa Sh415 bilioni, kilimo kimeondolewa kabisa. Watu wamepewa asilimia 45, mgao sawa 35, umaskini 12 na ardhi 8. Kwa mkulima, kuondolewa huko si msiba kama inavyodhaniwa, kwa kuwa hata kilipokuwemo hakikumfunga gavana yeyote.

Kuna pia fedha zisizopita kwenye fomula hata kidogo. Mbolea ya ruzuku iliyouzwa kwa Sh3,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka 2022, kisha Sh2,500 mwaka 2023, ililipiwa na serikali ya kitaifa. Ruzuku hiyo humfaa zaidi mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia au Uasin Gishu mwenye ekari nyingi na lori la kumchukulia. Mfugaji wa Wajir hana pa kuitia. Anayehesabu ni nani amependelewa na taifa anapaswa kuujumlisha mfuko huo wa mbolea pamoja na mgao wa kaunti.

Nayo Hazina ya Usawazishaji, iliyoundwa na Kifungu cha 204 ili kupeleka maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, ilipewa nusu ya asilimia moja ya mapato kwa miaka 20. Muda huo unaisha 2030 bunge lisipouongeza. Katika miaka ya mwanzo, sehemu kubwa ya fedha hizo haikutolewa.

KALENDA MBILI

Mwaka wa serikali huanza Julai 1. Ule wa mkulima huanza mawingu yanapokusanyika. Kwa Makueni, Kitui na Machakos, mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Mbegu za pojo, mtama na mahindi yanayokomaa haraka zinafaa ziwe mkononi kabla ya Oktoba kuanza.

Mwaka 2019, bunge na Seneti zilibishana kuhusu mgao hadi sheria ikatiwa saini katikati ya Septemba, miezi miwili na nusu baada ya mwaka kuanza. Mwaka 2020 fomula ilipita Septemba. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa kufuatia maandamano ya Juni, mgao ulipunguzwa kutoka Sh400 bilioni hadi Sh387 bilioni, na mvutano ukaendelea hadi Desemba.

Hesabu ya siku ni rahisi. Sheria ikipita katikati ya Septemba, kaunti bado inapaswa kungoja Hazina ya Kitaifa itume fedha na Msimamizi wa Bajeti aidhinishe zitolewe. Zabuni huchukua majuma kadhaa, kisha kuna kusafirisha. Mbegu iliyopangiwa Oktoba huweza kufika mahindi ya jirani yakiwa magotini. Mkulima huipokea, husema ahsante na kuiweka darini hadi msimu ujao, au huisaga.

Maeneo ya mvua ya masika hayajanusurika. Kinachopaswa kutumika Machi husukumwa hadi Juni, mwezi ambao idara hukimbizana kumaliza fedha kabla ya mwaka kufungwa. Katika vitabu, kaunti huonekana imetumia bajeti yake ya kilimo vizuri. Shambani hakuna kilichoonekana.

Fedha zikichelewa, anayebeba mzigo huo ni mfanyabiashara. Mwenye duka la pembejeo aliyeipa kaunti mbegu kwa mkopo hukaa na stakabadhi mkononi huku benki ikidai riba. Kufikia mwisho wa Juni 2023, madeni ya kaunti ambayo hayakuwa yamelipwa yalizidi Sh160 bilioni. Si yote yaliyotokana na Hazina ya Kitaifa kuchelewa, kwa maana baadhi ya kaunti huagiza bidhaa zikijua hazina fedha. Lakini kwa mdai mdogo tofauti hiyo haimsaidii. Mwaka unaofuata hakopeshi tena, au huongeza bei ili kufidia kungoja.

KIZUIZI CHA BARABARANI

Njia ya pili ambayo uhaba humfikia mkulima ni ushuru wa mazao. Kaunti isiyo na fedha mkononi hutafuta mahali rahisi pa kukusanya, na hakuna rahisi kama barabara. Kodi ya ardhi inahitaji orodha ya uthamini iliyo sahihi. Kizuizi kinahitaji kijana, kitabu cha risiti na kipande cha mbao chenye misumari.

Kwa mfano, lori la magunia 120 ya viazi kutoka Kinangop likielekea Mombasa lidaiwe Sh30 kwa gunia katika vizuizi vitatu. Hizo ni Sh10,800. Dalali hatatoa fedha hizo mfukoni mwake, na mnunuzi wa Kongowea hataongeza bei kwa sababu ya risiti za njiani. Dalali huzikata shambani, Sh90 kwa kila gunia. Mkulima hulipa ushuru wa kaunti ambazo hajawahi kuzikanyaga, na ambazo hazitamjengea hata kalvati moja.

Kifungu cha 209 cha Katiba kinazikataza kaunti kutoza ushuru kwa njia inayodhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka yao au usafirishaji wa bidhaa nchini. Viwango vyenyewe hupangwa upya kila mwaka katika Mswada wa Fedha wa kaunti, ambao lazima wananchi washirikishwe. Wachuuzi na wenye malori huonekana kwa nadra katika vikao hivyo, kwa kuwa tangazo hutoka gazetini siku ambayo wako safarini.

Tarehe hizo, hata hivyo, zinajulikana. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa kifedha, unaoweka kiwango ambacho kila idara haiwezi kuvuka, huwasilishwa kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti ni kufikia Aprili 30. Sheria ya 2012 pia inaitaka kila kaunti iwe na jukwaa la bajeti na uchumi ambamo wafanyabiashara, wanawake, wazee na makundi mengine wana viti sawa kwa idadi na vya mawaziri wa kaunti.

Wakulima wengi hufika kwenye vikao vya Aprili, wakati kilimo kimeshawekewa kikomo chake Februari na kilichobaki ni kubishana kuhusu kata ipi itapata josho. Anayetaka mbegu ya vuli ifike Oktoba anapaswa kuitafuta katika mpango wa Septemba ya mwaka uliotangulia, miezi 13 kabla ya kupanda, na kuuliza mambo mawili: imetengewa shilingi ngapi, na zabuni yake itatangazwa mwezi gani.