Mnahama na watoto? Begi la kwanza si la vyombo

Bukoba. Ni usiku wa kwanza katika nyumba mpya Muleba. Gari limeshashusha, dereva ameshalipwa na watoto wanasinzia juu ya mabegi. Neti hazionekani. Zilifungiwa sahani zisivunjike, na sahani ziko chini kabisa, nyuma ya kabati na magunia. Baba anaamua walale hivyo hivyo, kesho zitatafutwa.

Wiki mbili baadaye mtoto mdogo anaanza homa. Fedha iliyookolewa kwa kubana nauli ya gari inaishia kwenye bodaboda ya kwenda kituo cha afya, dawa, na siku ambazo mama hakufungua biashara.

Kati ya Bukoba na Muleba familia huhama kwa sababu nyingi: kazi, kodi kupanda, au kurudi karibu na shamba. Wengi hupigia hesabu gari na kodi tu, wakati gharama inayouma zaidi huja baadaye, kupitia afya na shule za watoto.

Neti ipande mwisho, ishuke kwanza

Dalili za malaria huanza kati ya siku 7 na 30 baada ya mtu kuumwa na mbu mwenye vimelea. Ndiyo maana si rahisi mzazi kuihusisha homa hiyo na usiku wa kuhama.

Muleba si mahali pa kufanyia neti mzaha. Utafiti ulioanza wilayani humo mwaka 2014, wakati mbu wameshakuwa sugu kwa dawa iliyozoeleka, ulionesha kuwa neti zilizoongezewa kiambata kiitwacho PBO ziliwakinga watoto vizuri zaidi kuliko za kawaida. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) likapendekeza neti hizo kwa maeneo yenye usugu wa aina hiyo.

Neti, shuka, misumari na kamba viwekwe kwenye begi moja linalobebwa mkononi. Kama neti zimechakaa, mama mjamzito aulize kliniki, kwani hupewa bure anapoanza mahudhurio. Mtoto naye hupewa anapofikisha miezi tisa na kupata chanjo ya surua.

Mtoto akipata homa baada ya kuhama, apimwe malaria ndani ya saa 24. Kununua dawa kwa kubahatisha ni kulipa mara mbili.

Kadi ya kliniki na barua ya shule

Ndani ya begi hilo hilo iwemo kadi ya kliniki. Chanjo za mtoto hutolewa anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na 18. Kadi ikipotea, mhudumu wa kituo kipya hajui mtoto amefikia wapi, na mzazi atalazimika kurudi Bukoba kufuata kumbukumbu. Kuipiga picha kwa simu hakugharimu kitu.

Kwa wanafunzi, nafasi itafutwe kwanza katika shule mpya, ndipo uhamisho uombwe shule ya zamani. Shule za Serikali hazitozi ada, lakini sare ni fedha. Uliza kabla ya kununua, huenda shati na kaptula vikafaa na kinachobadilika ni sweta tu.

Likizo ya Juni ina faida mbili

Wengi husubiri Desemba, shule zikiwa zimefungwa, lakini huo ni msimu wa mvua Kagera. Godoro hulowa, na gari linaweza kukwama likiacha lami kuelekea kijijini. Juni shule pia hufungwa, na mvua ya Bukoba huwa imepungua.

Kabla ya kukodi gari zima, ulizia sokoni malori yaliyoleta ndizi mjini na yanarudi tupu upande wa Muhutwe na Muleba. Dereva asiye na mzigo wa kurudi hupunguza bei kirahisi. Patana pia, kabla ya kupakia, nani atalipa wapakiaji.

Kagua nyumba kama mzazi

Chukua mfano wa nyumba ya Sh80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita na dalali akataka ya mwezi mmoja, familia inahitaji Sh560,000 kabla ya kupakia hata sufuria. Ni vigumu kuirudisha fedha hiyo nyumba ikiwa na kasoro.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, angalia nyavu za madirisha, choo, na maji yanatoka wapi. Kama ni karibu na ziwa, kumbuka watoto wanaocheza majini wanaweza kupata kichocho. Angalia na mita ya LUKU. Kodi ya jengo hukatwa humo, Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na nyumba iliyokaa tupu hulimbikiza deni linalokatwa kwa mpangaji mpya anaponunua umeme. Patana na mwenye nyumba alirudishe kwenye kodi.

Kabati likichubuka njiani litapigwa rangi. Neti, kadi na barua ya shule visiachwe vipande kwenye gari. Vibebwe na mama au baba.