Maabara ya Serikali na Swali la Sheria

Maabara ya serikali haisemi ila kwa kuulizwa, na mwenye kuiuliza ni sheria; kwa hiyo atakaye kujua taifa linajali nini katika afya ya raia wake, na atazame sheria yake imeiamuru maabara itafute nini.

Katika jimbo la California, huko Marekani, ambako maduka ya bangi ya starehe yalifunguliwa kwa idhini ya serikali mwezi Januari 2018, mavuno hugawanywa mafungu yasiyozidi ratili 50, na mtumishi wa maabara yenye leseni, wala si muuzaji, ndiye achotaye sampuli. Kisha hupimwa kiasi cha kilevi, mabaki ya dawa za wadudu, ukungu, sumukuvu, na metali nzito nne, yaani risasi, zebaki, kadimiamu na arseniki, na fungu lililozidi kipimo haliruhusiwi kumfikia mnunuzi.

Kwetu Tanzania bangi ni haramu kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2015. Hata hivyo nayo hufika maabara, kwani kielelezo kilichokamatwa Kahama au Geita hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, ili athibitishe kwamba majani yale ni bangi kweli, na taarifa yake iwe ushahidi mbele ya hakimu. Haulizwi kama mna zebaki ndani yake, kwa kuwa sheria haikukusudia mtu aivute. Na hoja hiyo ni ya haki, ingawa mvutaji hubaki bila hifadhi, ilhali mmea wenyewe una tabia ya kufyonza metali nzito kutoka ardhini.

Lakini ardhi hiyohiyo ya Kahama na Geita, iliyo katika ukanda wa dhahabu, huotesha pia mchicha, muhogo na mpunga, vyakula vya halali vya kila nyumba. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamagasa na Mwakitolyo, wakisha kusaga mwamba kwa karasha na kuuosha mwaloni, yaani penye kuoshea dhahabu, huukamata unga wa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Mvuke wake huwaingia mapafuni, na uliobaki huanguka udongoni na majini, ambamo vijidudu huugeuza kuwa sumu kali zaidi, nayo hukusanyika katika samaki na kudhuru mishipa ya fahamu, hasa ya mtoto aliye tumboni. Miamba yenye dhahabu nayo aghalabu huwa na arseniki, ambayo husambaa pamoja na marudio, yaani mabaki ya mwamba uliosagwa na kuoshwa.

Tanzania iliuridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na Sheria ya Kemikali ya mwaka 2003 humtaka kila mwenye kuingiza au kuuza zebaki na sianidi asajiliwe na Mamlaka ya Mkemia Mkuu. Hayo ni mema, bali yanahusu chupa iliyo dukani. Na sisi twaomba yahusu pia sahani iliyo mezani. Halmashauri za Geita na Shinyanga na zipeleke kwa utaratibu wa kudumu sampuli za mboga, mpunga, samaki na maji ya visima vilivyo jirani na mialo, na majibu yabandikwe sokoni kwa lugha ambayo mama mwenye kununua ataielewa, kwani yeye, kuliko mvuta bangi wa California, anastahili kujua anakula nini.